Je, Wajua? Kamera Inayojua Inachokiona

Je, wajua kuwa kamera ya kawaida ya CCTV hurekodi tu, bila kujua kama aliyepita ni mwizi au mbuzi? Kazi ya kutambua hufanywa na programu. Ile rahisi hulinganisha picha moja na inayofuata. Palipobadilika, kuna kitu kimesogea. Programu ya namna hiyo ikifungwa Kifanya, Njombe, ukungu wa asubuhi na matawi ya mipaina yanayoyumba vitaipigisha kengele kutwa nzima. Ndiyo maana siku hizi hufunzwa kwa maelfu ya picha hadi itofautishe mtu, gari na mnyama.

Je, wajua kuwa teknolojia hiyo imeshakamatisha majangili hapa kwetu? Mwaka 2018, shirika la RESOLVE la Marekani lilijaribu toleo la awali la kamera za TrailGuard AI katika pori la akiba la Grumeti, jirani na Serengeti. Zilifichwa njiani, zikatuma picha kwa askari. Walikamatwa majangili 30, pamoja na karibu kilo 590 za nyamapori. Kwa kuwa TrailGuard AI hutuma picha inapoona binadamu, si kila picha, betri yake imeundwa idumu hadi mwaka mmoja na nusu.

Je, wajua kuwa mwaka huohuo kompyuta ilipewa picha milioni 3.2 za wanyama wa Serengeti? Ilishughulikia asilimia 99.3 kwa usahihi wa asilimia 96.6, sawa na watu waliojitolea.

Je, wajua kuwa sura zetu huzisumbua mashine? Utafiti wa Joy Buolamwini wa MIT, pia wa 2018, ulipima programu zinazokisia jinsia ya mtu kwa uso: makosa kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hayakuzidi 0.8. Mtu asikamatwe kwa neno la mashine peke yake.

Je, wajua kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023? Picha inayokutambulisha ni taarifa yako binafsi.

Je, wajua kuwa kamera huona hata moshi? Tangu Julai 2023, California inatumia zaidi ya kamera 1,000 na akili mnemba kuwahi moto wa msituni. Wenye mashamba ya miti Njombe, ambao kiangazi huwatia hofu kila mwaka, waanzie hapo: watafute kwanza kamera ya kuwahi moto, ya kutambua sura ingoje.