Kivumishi na Kielezi cha Kiingereza kwa Mwanafunzi wa Kigoma na Ujiji

Husemwa mara nyingi, hata na walimu wenye ujuzi, ya kwamba mwanafunzi wetu huchanganya kivumishi na kielezi cha Kiingereza kwa sababu lugha yake mwenyewe haitengi aina hizo mbili za maneno. Kauli hiyo yafaa ikanushwe tangu mwanzo, kwa kuwa mwalimu aiaminiye huanza kumfundisha mtoto jambo alijualo tayari, na huliacha lile asilolijua. Mtoto wa Ujiji hasemi kamwe "mvuvi huyu anaimba mzuri". Husema "anaimba vizuri", na akimsifu mvuvi mwenyewe husema "mvuvi mzuri". Kivumishi hufuata ngeli ya jina lake, na kielezi kikakaa na kiambishi VI- bila ya kujali ni nani atendaye. Kiingereza ndicho kilicho na mchanganyiko zaidi: "fast" ni kivumishi na ni kielezi pia, na kadhalika "hard" na "late", ilhali "friendly" na "lonely", pamoja na mkia wao wa "-ly", ni vivumishi halisi.

Wala Kiha, ambayo ni lugha ya nyumbani kwa wanafunzi wengi wa mkoa huu, haipasi kulaumiwa. Guthrie aliiweka katika kundi moja na Kirundi, na katika Kirundi mtu mwema ni "umuntu mwiza", bali asemaye vema "avuga neza". Shina ni moja, umbo la kiambishi ni mbalimbali, na mpaka kati ya sifa ya mtu na namna ya tendo ni dhahiri kama ulivyo katika Kiswahili.

Basi makosa yatoka wapi? Tutazame kwanza sentensi hii: "Mafundi wa Kibirizi wanaunda vyombo vizuri." Je, vyombo ndivyo vizuri, au kuunda ndiko kuzuri? Sentensi yachukua maana zote mbili, kwa sababu VI- ya kielezi na VI- ya ngeli ya vitu ni sauti moja. Kiingereza humlazimisha msemaji achague: ama "they build good boats", ama "they build boats well". Mwanafunzi aliyezoea kutochagua huandika "they build boats good", na mwalimu huona ujinga pale ambapo kwa kweli pana utata wa Kiswahili uliohamia upande wa pili. Dawa yake ni nyepesi. Jina libadilishwe, litolewe katika ngeli hiyo: "wanaunda mitumbwi mizuri", au "wanaunda mitumbwi vizuri". Papo hapo utata waondoka, na mwanafunzi ajua ni lipi alilokusudia kabla hajaandika neno la Kiingereza.

Walakini jambo lililo gumu kuliko yote ni vitenzi vya hisi, nami nitakaa hapo kidogo, maana vitabu vingi vya shule hulipita kwa mistari miwili mitatu. Mwanafunzi hufundishwa, na kwa haki, ya kwamba neno linaloeleza tendo ni kielezi, na ya kwamba kielezi hujibu swali la "-je?" ilhali kivumishi hujibu "gani?" au "-pi?". Kipimo hicho hufaa katika sentensi nyingi. Sasa dagaa waliotandazwa mchangani wamenyeshewa mvua usiku kucha. Wananukaje? Wananuka vibaya. Kwa hiyo mwanafunzi, akiitii kanuni aliyopewa, huandika "the dagaa smell badly". Ametii, naye amekosea. Mwingereza atafahamu ya kwamba dagaa hao wana pua mbovu. Alipaswa kuandika "the dagaa smell bad", kwa kuwa katika Kiingereza "smell" hapa ni daraja tu kati ya samaki na sifa yake, na kazi yake yakaribia kazi ya "ni".

Kiswahili hakina haja ya daraja hilo, kwa sababu mara nyingi hukumu imekwisha kutiwa ndani ya kitenzi chenyewe. Kitu kinachonuka kina harufu mbaya. Kinachonukia kina harufu nzuri. Na mtu akisema "wananuka vibaya" huwa amezidisha tu lile lililokuwamo. Vivyo hivyo katika kuona. Kiingereza kina "look" moja kwa mambo mawili: "he looked angry" na "he looked angrily at the net". Sisi tuna vitenzi viwili: alionekana ana hasira, na aliutazama wavu kwa hasira. Kwa hiyo tofauti ambayo Kiingereza huionyesha kwa kuuweka au kuuacha mkia wa "-ly", Kiswahili huionyesha katika kitenzi, ama kwa mnyambuliko wake, ama kwa kuchagua kitenzi kingine. Nakumbusha pia "onja": mpishi huonja mgebuka kwa uangalifu, "carefully", mgebuka mwenyewe haonji kitu, bali ni mtamu, nao Kiingereza husema "it tastes good". Kipimo kinachofaa hapa ni kutia "is" mahali pa kitenzi. Ikiwa sentensi yabaki na maana iliyo karibu na ile ya kwanza, neno lifuatalo na liwe kivumishi; ikiwa maana yaharibika, basi na liwe kielezi.

Tabia hiyohiyo ya Kiswahili huzaa kosa la namna nyingine. Tunasema ziwa limetulia, ziwa limechafuka, wavu umechakaa, dagaa wamekauka. Yote ni vitenzi, lakini Kiingereza hapo hutaka vivumishi: "calm", "rough", "worn", "dry". Mwanafunzi hutafuta kitenzi asikipate, kisha akiambiwa atumie "is" humalizia kwa kielezi, akaandika "the lake is calmly". Mwenye kujua chanzo atamsaidia kwa kumpa orodha ya sentensi za "-me-" za pwani ya ziwa, na kumtaka azigeuze moja moja. Ni zoezi dogo, nalo lafaa kuliko kukariri maana ya neno "kielezi".

Kuna mahali ambapo kosa la herufi mbili lageuza maana kabisa. "Hard" huwa kielezi bila ya kuongezwa kitu. "Hardly" ni neno jingine, maana yake ni "kwa nadra" au "karibu na kutofanya kabisa". Kijana anayeomba kazi bandarini, akitaka kusema ya kuwa hufanya kazi kwa bidii, akaandika "I hardly work", amejishitaki mwenyewe kwa mkono wake, na asomaye barua hana njia ya kujua alilokusudia. Hali kadhalika "late" na "lately". Liemba, ile meli iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1916, ikaopolewa na kuanza tena safari zake mwaka 1927, ikisemwa "arrived late" ilichelewa. Ikisemwa "has arrived lately" imefika siku hizi za karibuni, pengine kwa saa yake barabara. Katika shule za sekondari za serikali, ambamo masomo karibu yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, makosa ya namna hii hayaishii katika somo la lugha. Hupunguza alama za Jiografia na za Historia pia.

Neno "sana" lataka maelezo yake. Sisi hulitumia baada ya kivumishi na baada ya kitenzi pasipo tofauti: "kina kirefu sana", "nakupenda sana". Kirundi nacho hufanya hivyo kwa neno "cane". Kiingereza huwa na "very" mbele ya kivumishi au kielezi, na "very much" kwa kitenzi. Tena kuna "mno". Kwetu "mno" yaweza kuwa sifa. Kusema dagaa wa Kigoma ni watamu mno ni kuwasifu. "Too" ya Kiingereza aghalabu hubeba lawama, au kizuizi kinachofuata. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi mahali pake pa ndani kabisa, ni "very deep" kwa mtu anayelieleza, na ni "too deep" kwa nahodha anayetaka kutia nanga. Anayeandika "our fish is too good" ataulizwa: kwa nani, au kwa kufanyiwa nini?

Juu ya "slowly by slowly", inayosikika Afrika Mashariki nzima, sina ukali mwingi. Kiswahili husema "polepole", Kirundi "buhoro buhoro", na sikio lililozoea neno kurudiwa huona "slowly" moja ni pungufu. Lakini katika karatasi ya mtihani ni kosa, na mwanafunzi aambiwe hivyo bila ya kuchekwa.

Mpangilio wa maneno nitaugusa kwa ufupi. Twaweza kusema "alishona wavu vizuri" au "alishona vizuri wavu". Kiingereza hakipendi kielezi cha namna kikae kati ya kitenzi na yambwa, hata kikiwa sahihi kwa umbo. Kwa njia ya mzaha mtu aweza kusema ya kuwa Ujiji haikupewa mfano mwema: maneno mashuhuri ambayo Stanley aliandika ya kwamba alimwambia Livingstone pale mwaka 1871 hayana kivumishi wala kielezi hata kimoja.

Imebaki ng'ambo ya ziwa. Mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Katika Kiswahili cha mitaani cha Lubumbashi na cha miji mingine ya mashariki ya Kongo, "muzuri" husimama kama kivumishi na kama kielezi pia, wala haibadiliki: mtu ni muzuri, na anaimba muzuri. Kwa kijana aliyelelewa katika Kiswahili hicho, ile kauli niliyoikanusha hapo mwanzo ina ukweli wake, na kipimo cha mitumbwi mizuri na mitumbwi vizuri hakimsaidii. Ila kama alipata kusoma shule ya Kifaransa hata miaka michache, anayo tofauti hiyo katika "bon" na "bien", na mkia "-ment" anaujua. Mwalimu aanzie hapo.