Apple: Tajiri asiye na kiwanda, na gharama yake kwa mwenye hisa

Na Mwandishi Wetu

TAREHE 2 Januari 2019, baada ya masoko ya hisa ya Marekani kufungwa, Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya Apple, Bw. Tim Cook, aliwaandikia wanahisa barua. Aliwaeleza kuwa mauzo ya robo ya mwaka iliyoishia Desemba 2018 yangekuwa dola bilioni 84, na si kati ya dola bilioni 89 na bilioni 93 kama kampuni ilivyokuwa imetangaza. Sababu kubwa aliyoitaja ni kudorora kwa biashara nchini China. Kesho yake bei ya hisa ilianguka kwa karibu asilimia 10.

Barua ile ilihusu China kama soko. Lakini kwa Apple, China ni mambo mawili kwa pamoja: ni soko, na ni karakana. Miaka sita baadaye ikawa zamu ya karakana kuwatia wanahisa hasara. Aprili 2, 2025, Rais Donald Trump alitangaza ushuru mpya kwa bidhaa kutoka China, Vietnam, India na nchi nyingine nyingi. Siku iliyofuata hisa za Apple zilishuka kwa takriban asilimia 9, ingawa hakuna simu hata moja iliyokuwa imeharibika wala mteja aliyekuwa amekataa kununua.

Wiki hii tunaeleza jinsi kampuni hiyo ilivyofika mahali ambapo tangazo la forodha linaweza kufuta mabilioni ya dola kwa siku moja, na kwa nini jambo hilo haliwezi kutenganishwa na swali la nani anapewa uongozi.

ILIKUWA NA VIWANDA VYAKE

Apple haikuzaliwa bila viwanda. Mwaka 1984 ilifungua kiwanda cha kisasa cha kompyuta za Macintosh mjini Fremont, California. Kilifungwa mwaka 1992. Mwaka 1996 iliuza kiwanda chake cha Fountain, Colorado, kwa kampuni ya SCI, ambayo kazi yake ilikuwa kuwatengenezea wengine bidhaa kwa mkataba.

Kipindi hicho hali ilikuwa mbaya. Mwaka wa hesabu wa 1996 kampuni ilipata hasara ya dola milioni 816, na mwaka uliofuata hasara ikapita dola bilioni moja. Steve Jobs, mmoja wa waasisi, aliyekuwa ameondoka mwaka 1985, alirudi mwaka 1997. Machi 1998 alimwajiri Bw. Cook, aliyekuwa na umri wa miaka 37, kutoka kampuni ya Compaq. Hakumwajiri abuni kompyuta. Alimwajiri asimamie vipuri, maghala na usafirishaji.

HESABU YA GHALA

Hapa ndipo faida ya Apple ilipoanza kujengwa. Kompyuta iliyolala ghalani ni kama samaki mbichi mezani pale Feri: kila saa inayopita bei inashuka. Mwishoni mwa mwaka wa hesabu wa 1997 Apple ilikuwa na mali ghalani ya dola milioni 437. Mwaka mmoja baadaye ilibaki mali ya dola milioni 78 tu. Fedha zilizokuwa zimelala zikaamka.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuwaachia wengine kazi ya kuunganisha. Aliyepata sehemu kubwa ni kampuni ya Hon Hai ya Taiwan, inayojulikana zaidi kwa jina la Foxconn, iliyoanzishwa na Terry Gou mwaka 1974. Foxconn ilifungua kiwanda Shenzhen, kusini mwa China, mwaka 1988, na mwaka 2010 ikaanzisha kingine Zhengzhou ambacho kilikua hadi kuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote cha kuunganisha simu za iPhone.

Msomaji asidhani kuwa Apple hukabidhi michoro na kuondoka. Huwapeleka wahandisi wake viwandani, hununua mashine na kuzifunga ndani ya viwanda vya wengine, na hulipia vipuri mapema ili washindani wavikose. Mwaka 2005, kwa mfano, ilikubali kulipa dola bilioni 1.25 kabla ya kupokea mzigo, ili kampuni tano za vipuri vya kumbukumbu ziihudumie hadi mwaka 2010.

Upande wa pili ni mzunguko wa fedha. Kwa kawaida Apple huuza simu na kupokea fedha kabla ya siku ya kumlipa aliyeitengeneza. Mwenye duka Kariakoo anayeuza mzigo leo na kumlipa mwenye mali baada ya miezi miwili ataelewa mara moja: unafanya biashara kwa mtaji wa mwenzako.

Matokeo yake yanaonekana vitabuni. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Septemba 2025 Apple iliuza bidhaa na huduma za dola bilioni 416 na kubaki na faida halisi ya dola bilioni 112. Nusu ya mauzo hayo yalitokana na iPhone peke yake.

KWA NINI ISIHAME?

Wengi hudhani kilichoipeleka Apple China ni ujira mdogo tu. Ujira ulikuwa sababu ya kwanza, lakini siyo iliyoifanya ibaki. Bw. Cook mwenyewe aliwahi kueleza, mwaka 2017, kwamba mafundi wa kutengeneza kalibu na mitambo ya kazi za vipimo vidogo walioko Marekani pengine wasingejaza chumba kimoja, wakati walioko China wangejaza viwanja kadhaa vya mpira.

Mfano mzuri ni wa kompyuta ya Mac Pro, ambayo Apple iliamua kuiunganisha Texas mwaka 2013. Gazeti la New York Times liliripoti mwaka 2019 kwamba kazi ile ilikwamishwa na skrubu. Karakana ndogo ya huko iliweza kutoa skrubu zipatazo 1,000 tu kwa siku. China, kiwanda cha skrubu kiko jirani na kiwanda cha vioo, na bandari haiko mbali. Kinachohamishwa basi si jengo moja. Ni mji mzima wa mafundi na wauzaji wa vipuri.

Hata hivyo, aliyeweka mayai yake katika tenga moja hulala akilifikiria tenga. Mwaka 2010 wafanyakazi zaidi ya kumi wa Foxconn walijiua, na lawama zilimfikia mwenye jina lililoandikwa kwenye bidhaa. Oktoba 2022 wafanyakazi wengi walikikimbia kiwanda cha Zhengzhou kwa sababu ya vizuizi vya korona, na mwezi uliofuata zikazuka vurugu. Apple ilitangaza kuwa simu zake za bei ya juu zingechelewa. Mauzo ya robo ya mwaka iliyoishia Desemba 2022, yenye msimu wa Krismasi, yalishuka kwa asilimia 5 hadi dola bilioni 117. Wateja walikuwepo na fedha walikuwa nazo. Simu ndizo zilizokosekana.

KITI CHA MKURUGENZI

Agosti 2011 Jobs alijiuzulu kwa maradhi, na Oktoba mwaka huo alifariki dunia. Bodi ingeweza kumtafuta mbunifu. Ikamteua bwana ghala, Bw. Cook.

Kwa mwenye hisa uamuzi huo ulilipa. Agosti 2018 Apple ilikuwa kampuni ya kwanza ya Marekani kufikia thamani ya dola trilioni moja, na Juni 2023 ilifunga soko ikiwa juu ya trilioni tatu. Gawio, lililokuwa limesimamishwa tangu miaka ya 1990, lilirudi mwaka 2012. Aidha, nafasi ya mkuu wa uendeshaji ilibaki katika mstari ule ule: Bw. Jeff Williams aliishika kuanzia mwaka 2015, na Julai 2025 ikatangazwa kwamba Bw. Sabih Khan, naye mtu wa viwanda na vipuri, angeichukua.

Wakosoaji wana hoja mbili. Kwanza, kampuni inayoongozwa na mabingwa wa kutengeneza inaweza kuchelewa kubuni. Huwa wanakumbusha kuwa Machi 2025 Apple ililazimika kuahirisha maboresho ya msaidizi wake wa sauti, Siri, iliyokuwa imeyaahidi Juni 2024. Pili, waliojenga nyumba ndani ya China ndio waliopewa pia kazi ya kuihamisha.

Kazi hiyo ilianza taratibu. Mwaka 2017 iPhone zilianza kuunganishwa Bengaluru, India. Mei 2025 Bw. Cook alisema simu nyingi zitakazouzwa Marekani katika robo hiyo ya mwaka zingetoka India, na kwamba ushuru ungeongeza gharama ya takriban dola milioni 900 katika robo hiyo moja. Lakini vipuri vingi vya simu za India viliendelea kutoka China. Tena Agosti 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa za India hadi asilimia 50. Simu ziliachwa nje, lakini onyo lilisikika: kuhama nchi si kuhama hatari.

Mkurugenzi alijikuta amekuwa pia balozi. Februari 2025 Apple iliahidi kutumia dola bilioni 500 nchini Marekani kwa miaka minne, na Agosti ikaongeza hadi bilioni 600. Wakati mmoja kipimo cha kiongozi wa Apple kilikuwa siku za mali ghalani. Sasa kikawa pia milango anayoweza kubisha Washington, Beijing na New Delhi ikafunguliwa.

SOMO KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa masikini. Apple ilitegemea cha wengine ikatajirika kupita kiasi, hivyo methali hiyo isichukuliwe kama sheria ya biashara. Jambo la kuzingatia ni hili: mpango uliozaa faida kubwa na mpango uliozaa hatari kubwa ni mpango mmoja. Huwezi kununua mmoja ukaukataa wa pili, na vyote viwili vimo ndani ya bei ya hisa.

Wafanyabiashara wetu wanaofuata mzigo Guangzhou walilijua hili mapema mwaka 2020, safari zilipokatika na rafu zikabaki tupu. Tofauti na Apple ni kwamba wao hawakuwa na mabilioni benki ya kusubiria.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hisa za kampuni yoyote, ya hapa au ya nje, msomaji asiishie kwenye ukurasa wa faida na gawio. Atafute majibu ya maswali manne. Nani anatengeneza bidhaa hii, na katika nchi ipi? Akisimama leo, itachukua muda gani kumpata mwingine? Sehemu gani ya mauzo inategemea bidhaa moja? Na mkurugenzi akiondoka, anayefuata amelelewa katika kazi gani?

Majibu mara nyingi yamo katika ripoti ya mwaka, sehemu ya hatari. Katika ripoti yake ya mwaka 2024 Apple iliandika waziwazi kwamba karibu bidhaa zake zote hutengenezwa, kwa ukamilifu au kwa sehemu, na makandarasi walioko zaidi China, India, Japani, Korea ya Kusini, Taiwan na Vietnam. Aliyekuwa ameisoma sentensi hiyo mapema alishtuka kidogo tu Aprili 2025.