Taa ya Giaboksi Inayowaka na Kuzimika

Mwenye gari la zamani la gia otomatiki, hususan zile Toyota za miaka ya 1990 ambazo hata leo zaonekana kwa wingi katika barabara za Mombasa na Dar es Salaam, bila shaka ameiona taa ndogo ya dashibodi iliyoandikwa O/D OFF, na yumkini hajapata kuelezwa kwamba taa hiyo ina kazi mbili zisizofanana. Ikiwaka na kutulia, haina hatari yoyote, kwani ni alama tu ya kuwa kitufe kilichoko ubavuni mwa mkono wa gia kimebonyezwa, na gia ya juu kabisa imezuiwa. Lakini ikipepesa yenyewe, ilhali hakuna aliyekigusa kitufe, hapo ni kompyuta ya gari inayoarifu kwamba imeona kasoro katika umeme unaoiongoza giaboksi.

Taabu huzidi pale taa inapopepesa leo, kesho ikanyamaza, kisha ikarejea baada ya juma zima, gari likiwa katika foleni ya adhuhuri. Baadhi ya wenye magari, ikishazimika, humshukuru Mungu na kuisahau. Wengine, kwa hofu, hukubali papo hapo shauri la kununua giaboksi nyingine iliyokwisha tumika, kwa fedha ambazo zingetosha karo ya watoto. Naona wote wawili wanajidhulumu nafsi zao. Jino la gia lililokatika haliungi lenyewe kisha likakatika tena. Jambo linalokuja na kuondoka, aghalabu, asili yake ni umeme.

Ndani ya giaboksi mna solenoidi, yaani vali ndogo zinazofunguliwa na kufungwa kwa umeme ili kuyapitisha mafuta yabadilishayo gia, na kila moja ina koili ya waya mwembamba mno. Waya huo ukipata ufa, joto la safari huutanua hata ukaachana, na gari likipoa ncha zake hugusana tena, taa ikatulia kana kwamba hapakuwa na neno. Fundi wa umeme aweza kuujua ukweli kwa kupima: katika Toyota nyingi za wakati huo, solenoidi za kubadili gia zikiwa baridi huwa baina ya omu 11 na 15, lakini kipimo sharti kirudiwe giaboksi ikiwa ya moto, maana ikiwa baridi huenda kikaonekana salama kabisa.

Kabla ya kufika huko, isomwe kwanza kumbukumbu ya kompyuta, kwa kuwa taa ikizimika kasoro hubaki imeandikwa. Katika magari hayo, chini ya boneti mna kisanduku cha plastiki chenye matundu yaliyotajwa kwa herufi. TE1 na E1 zikiunganishwa kwa kipande cha waya, na swichi ikafunguliwa pasipo kuwasha injini, taa ile ile hupepesa kwa hesabu. Ikipepesa mara sita, ikatua kidogo, kisha ikapepesa mara mbili, hiyo ni 62, yaani solenoidi ya kwanza; 63 ni ya pili, na 42 na 61 ni sensa za mwendo, ambazo hufungwa nje ya giaboksi na hubadilishwa bila kuishusha. Kwa hiyo yanisikitisha kuona fundi mwenye haraka akichomoa waya wa betri ili taa izimike, mteja akaondoka kwa furaha, kumbe ushahidi wote umefutwa.

Kisha zitazamwe soketi. Pwani, ambako hewa ya chumvi haina likizo, soketi ya giaboksi ikivutwa taratibu mara nyingi hukutwa pini zake zimeota ungaunga wa kijani, au mpira wake wa kuzuia maji umekauka ukapasuka. Kusafishwa kwa dawa ya viunganishi na kufungwa barabara huenda kukamaliza udhia wote.

Mafuta nayo yasisahauliwe. Kwa Toyota hizo hupimwa injini ikiwa inanguruma na giaboksi imepata moto, mkono wa gia ukiwa umepitishwa kila nafasi na kurudishwa P. Tone lake kwenye kitambaa cheupe liwe jekundu. Likiwa la kahawia nzito na lina harufu ya kuungua, au gari likikawia kuondoka hata pale gia imekwisha ingia, basi klachi za ndani zimeanza kuliwa, na hapo kweli giaboksi haina budi kufunguliwa. Lakini mafuta yakiwa safi na hesabu ikirudia 62 baada ya soketi kusafishwa, katika nyingi ya gari hizi inatosha kufungua karai la chini na kubadili solenoidi hiyo peke yake, giaboksi ikiwa pale pale ilipo.