Kuanguka Kusikotisha Machoni



Katika nchi za theluji watu huteleza kwa ski, yaani mbao mbili nyembamba zinazofungwa miguuni. Wengine hushindana mbio, wengine huruka juu, wakazunguka hewani na kutua tena. Katika hao warukaji alikuwamo Sarah Burke wa Kanada.

Alizaliwa mwaka 1982 huko Ontario. Uwanja wake ulikuwa mfereji mkubwa wa theluji wenye kuta za karibu meta 7 kila upande. Mwaka 2005 akawa bingwa wa dunia, na katika mashindano ya X Games alipata dhahabu mara 4. Ndiye mwanamke wa kwanza kuzunguka hewani mara 3 katika mashindano na kutua salama. Mwaka 2009 alivunjika pingili ya mgongo, akapona, akarudi. Tena alidai mchezo wake uingizwe katika Olimpiki, na mwaka 2011 ukakubaliwa kwa ajili ya Sochi, Urusi, 2014.

Hakufika huko. Tarehe 10 Januari 2012, akiwa mazoezini Park City, Marekani, alianguka. Walioona hawakudhani ni jambo kubwa. Kumbe mshipa mmoja wa damu upitao katika pingili za shingo kwenda kwenye ubongo ulikuwa umepasuka. Damu ikavuja ndani ya kichwa, moyo ukasimama pale pale. Alikandamizwa kifua, akapelekwa hospitali, na kesho yake madaktari wakautengeneza mshipa vizuri. Lakini ubongo ulikuwa umekwisha kukosa oksijeni. Alifariki tarehe 19, akiwa na miaka 29.

Hapo ndipo sisi wauguzi tunapokaza sauti. Huku kwetu hakuna theluji, ila kuna miembe, minazi na pikipiki. Aliyeanguka akainuka mwenyewe, kisha akaumwa shingo au kichwa sana, akayumba au ulimi ukawa mzito, aletwe hospitali siku hiyo hiyo. Asikandwe shingo! Asiyeweza kuinuka asivutwe mikono wala kukalishwa. Abebwe juu ya ubao na watu kadhaa, mmoja akishika kichwa kisipinde. Asiyepumua asingojee gari. Mlazeni chali, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana. Ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi.

Wapo wanaoona ni dhambi kutoa viungo vya marehemu, kama figo au ini, ili kumponya mgonjwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2296, inalisifu tendo hilo, mradi mwenyewe au jamaa zake wamekubali. Sarah alikuwa ameeleza nia hiyo akiwa mzima, na viungo vyake vilitolewa.