Kafe chung ya Hanoi: unalipia yai au unalipia mkono?

Mswahili akiwasikia watu wa Hanoi wakitamka cà phê trứng, sikio humwambia ni ileile kahawa chungu ya barazani. Mimi siku ya kwanza niliitikia kwa bashasha zote: naam, kahawa chungu, niletee. Nikaletewa kikombe kidogo kimekalishwa ndani ya bakuli la maji ya moto, juu yake povu la manjano zito kiasi cha kusimamisha kijiko. Trứng ni yai. Uchungu upo, ila umelala chini, umefunikwa blanketi la kiini cha yai na maziwa ya kopo.

Siku hizi ukipita Mtaa wa Kale, ule msongamano wa vichochoro upande wa kaskazini wa ziwa Hoàn Kiếm, vibao vinavyokuita ujifunze kuipika ni vingi kuliko vya kushona suti. Saa moja na nusu, saa mbili, unatoka na picha zako. Nimeingia madarasa mawili. La kwanza lilinikera, la pili nimelisamehe bei yake. Kwa anayepitia Hanoi, na siku hizi wapo, maana korosho ghafi za Mtwara na Lindi nyingi huishia kwenye viwanda vya Vietnam na wenye mzigo wao huufuata, hesabu yangu ni hii.

Kwanza pesa yenyewe, kwa sababu dong hutisha kwa sifuri. Njia ya mkato ninayoitumia: futa sifuri moja, unapata takribani shilingi ya Tanzania, gawa dong zenyewe kwa 200, unapata ya Kenya. Kikombe cha dong 40,000 ni kama shilingi 4,000 za Dar au 200 za Nairobi. Noti ni za plastiki, na noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu. Kwenye mkahawa wenye taa hafifu nilitoa 500,000 nikidhani nalipa 20,000, na yule binti wa kaunta akanikimbilia hadi mlangoni kunirudishia. Si kila kaunta itakukimbilia. Itenge noti kubwa mfuko wake.

Chaguo la bei ya chini kabisa ni kutojifunza chochote: nenda ukanywe. Café Giảng iko namba 39 mtaa wa Nguyễn Hữu Huân, unaingia kwa ujia mwembamba kama wa Mji Mkongwe, halafu ghafla panafunguka na kujaa watu juu ya vigoda. Nguyễn Văn Giảng alikuwa akitengeneza vinywaji katika hoteli ya Metropole. Mwaka 1946, vita na Wafaransa vikinukia na maziwa yakiwa adimu mjini, alipiga kiini cha yai kikashika nafasi ya maziwa. Binti yake alifungua mkahawa mwingine, Café Đinh, ghorofani namba 13 mtaa wa Đinh Tiên Hoàng, na ukipata meza ya roshani unalitazama ziwa. Februari 2019, Trump na Kim Jong-un walipokutana Hanoi, waandishi wa habari waliofurika mjini waliandaliwa kahawa ya Giảng bure, na sifa ikasambaa dunia nzima. Nakuhadithia haya makusudi. Madarasa mengi hutumia nusu saa ya kwanza kukusimulia historia hii kwa picha za ukutani, na nusu saa hiyo umeilipia. Kwa dong 40,000 umekaa kwenye mkahawa wenye jina la aliyeibuni, umekunywa, na ukipenda unaagiza tena yai kwa kakao, yai kwa bia, au yai kwa choroko. Hii ya choroko usiipite.

Sasa darasa la kikundi. Bei nilizokutana nazo zilianzia kama 400,000 hadi 750,000 kwa kichwa, na pesa hiyo hailipii vitu. Yai moja ni dong elfu tatu au nne, kahawa gramu 20, maziwa vijiko viwili. Jumla haifiki 15,000. Kinachobaki ni kodi ya chumba, mwalimu anayejua Kiingereza, na kamisheni ya aliyekuuzia tiketi, awe mtu wa mapokezi ya hoteli au programu ya simu. Mimi darasa la pili nilikwenda mlangoni kuulizia, nikapunguziwa bila kubembeleza.

La kwanza lilikuwa la 500,000, nalo lilijigamba kwa kahawa tano: ya yai, ya chumvi kama ya Huế, ya nazi, ya mtindi na ya maziwa. Tulikuwa watu kumi na wanne kwenye meza moja, mashine ya kupigia mayai moja. Tuliipokezana kama kipaza sauti cha harusi. Kila mmoja sekunde zake, picha, mpe mwenzio. Povu lililoingia kikombeni mwangu lilipigwa na mikono ya watu ambao sikuwahi hata kuwajua majina. Na kahawa tano si mchezo. Mbuni wa Vietnam kwa sehemu kubwa ni Robusta, wenye kafeini takribani maradufu ya Arabika. Saa nane za usiku nilikuwa dirishani nahesabu pikipiki.

La pili lilikuwa la 550,000, kahawa tatu tu, watu watano, na kila mmoja ana chujio lake, bakuli lake na waya wake wa kupigia. Kwa hesabu ya vikombe la kwanza ni nafuu wazi: 100,000 kwa kikombe dhidi ya 183,000 na ushei. Lakini mimi kikombe nakipata Giảng kwa 40,000. Ninachokosa ni dakika za mkono wangu mwenyewe juu ya kazi. La kwanza lilinipa labda dakika kumi za kushika kitu. La pili zilifika saa nzima. Ukilipima darasa kwa dakika hizo, lililoonekana rahisi ndilo ghali.

Nikueleze zinakwendaje, maana hapo ndipo pesa inapoonekana.

Chujio lao huitwa phin: kikombe cha bati chenye matundu chini, kisahani cha kukikalisha juu ya gilasi, kibati cha kukandamizia, na kifuniko. Unatia kahawa iliyosagwa, unakitikisa ikae sawa, unaweka kibati bila kukandamiza kwa hasira. Maji ya moto kidogo kwanza, kiasi cha kuilowesha, unaiacha nusu dakika ivimbe. Kisha unajaza na kufunika. Mwalimu wetu, mama wa makamo aliyekuwa akisema maneno machache na kugonga meza mara nyingi, alituwekea sheria moja: hesabu matone. Yakimiminika kama bomba, umesaga kubwa mno au kibati kimelegea, na kahawa itakuwa maji. Yakigoma, umebana. Tone kwa tone, dakika nne au tano. Kahawa ya kubebea yai lazima iwe nzito kama ya dele iliyokaa juu ya mkaa tangu alasiri, la sivyo povu linazama na shombo linapanda.

Wakati kahawa inadondoka unashughulikia yai. Ute unautenga wote. Ukiuacha hata kidogo kiini hakishiki vizuri. Kiini kimoja, vijiko viwili vya maziwa mazito ya kopo yenye sukari, halafu unapiga. Dakika ya kwanza rangi ni ya chungwa na kitu chenyewe kinateleza. Ya tatu kinapauka. Ya tano mkono unauma na unaanza kumtazama mwalimu kwa macho ya kuomba mashine. Anakukatalia. Karibu dakika ya nane hivi alinyanyua waya wangu, mkanda wa povu ukashuka taratibu, ukalala juu ya povu jingine na kubaki ukionekana kama kamba iliyotupwa mchangani. Akagonga meza. Hapo. Nilitaka kuendelea, akanishika kifundo cha mkono. Kile kifundo kushikwa ndicho nilichokwenda kununua, na hakuna video iliyowahi kunishika kifundo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza mambo machache, na uulize kwa mdomo, usitegemee tangazo. Tutakuwa wangapi? Zaidi ya sita, mimi naondoka. Kila mtu ana chujio na waya wake, au tunatazama? Nyumbani kwako huna mashine ya umeme, au unayo na umeme ndio huna. Jifunze kwa mkono. Muislamu aulize pia kama wanatia ramu: wako wanaodondosha kidogo kuua shombo, na wapo wanaochoma buni zenyewe kwa siagi na pombe. Ukiwauliza hawachukii, wanatumia vanila au asali badala yake.

Na yai bichi tusilifumbie macho. Kikombe kukalia bakuli la maji ya moto kunaitunza kahawa isipoe, hakulipiki yai. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu asilinywe hivyo. Mwalimu mzuri atakuonyesha kupiga kiini bakuli likiwa juu ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke mpaka joto la mchanganyiko lifikie nyuzi 71 hivi. Povu linakuwa zito zaidi, karibu na kastadi, na mimi binafsi nalipenda kuliko lile bichi. Darasa linalokataa kulijadili hili nisingelipa hata nusu bei.

Darasa la peke yako linaanzia kama 900,000 na kupanda. Kwa mtalii mmoja ni anasa. Kwa watu watatu wanaogawana inaweza kuwa chini hata ya bei ya kikundi, na mnamtawala mwalimu. Kuna pia vifurushi vya sokoni na mapishi ambamo kahawa inakuja mwishoni, mmeshashiba na mmechoka. Kifurushi hicho nunua kama shida yako ni supu ya pho na tambi zake za mchele, kahawa ihesabu kuwa nyongeza. Anayetaka kufungua mkahawa kwao asijidanganye na saa mbili. Atafute kozi ya siku kadhaa inayofundisha kusaga, kuchoma na kupanga gharama.

Limebaki chaguo la wasiosafiri, na kwao nasema ukweli kwamba gharama ni ndogo sana. Phin ya alumini dukani Hanoi ni 30,000 hadi 50,000, ya chuma kisichoshika kutu inaweza kufika 100,000. Mtu akienda mwagize. Ukubwa wa kikombe kimoja unatosha; zile kubwa zinahitaji kahawa nyingi mno ndipo zidondoke vizuri. Buni usihangaike kuzibeba. Robusta asili yake ni misitu ya Afrika ya Kati hadi Uganda, imetoka huku ikaenda kustawi nyanda za Đắk Lắk, na Vietnam leo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuizalisha. Kagera inalimwa, Uganda ndiyo sehemu kubwa ya kahawa wanayouza nje. Tafuta ya Bukoba iliyochomwa hadi kuiva sana, isagwe kubwa kuliko ya kuchemshia kwenye dele, basi. Kwa mayai chagua yaliyotagwa leo au jana, na ya kienyeji yana kiini kinachotoa rangi nzuri zaidi. Utaharibu viini sita au saba kabla mkono haujajua pa kuishia. Viini saba na kopo la maziwa bado ni chini ya bei ya darasa kwa mbali, na ute usiumwage, kaanga.

Ndiyo maana sisemi mtu apande ndege kwa ajili ya yai. Lakini kama umeshafika kwa shughuli zako, viza ya mtandaoni ya dola 25 umeshalipia, na una siku moja isiyo na kazi, agizo langu ni hili: asubuhi kunywa kwanza kwa Giảng ulimi ujue unatafuta nini, mchana ingia darasa dogo la kahawa tatu, na usile kitu kitamu katikati.

Niliporudi nilimtengenezea mjomba wangu Tanga, mtu ambaye amekunywa kahawa ya baraza kila jioni tangu kabla sijazaliwa. Nilipiga dakika nane kamili, bakuli likiwa juu ya mvuke kwa ajili ya umri wake, kikombe nikakitia kwenye bakuli la maji ya moto, nikamwamkia, nikamkabidhi. Alikitazama muda mrefu. Akachota povu kwa kijiko, akalimeza, akanyamaza. Kisha akainamisha kikombe akainywa ile nyeusi ya chini.

"Mwanangu," akasema, "hii ya chini nimeielewa. Hii ya juu ungeikausha ukatukatia kashata."

Akamaliza vyote viwili, na kesho yake alikuja na mayai manne ndani ya mfuko.