Bahari Haina Mlango: Jamaa Inapokwenda Kupumzika Mombasa

Katika miji ya mashariki ya Kongo jina la Mombasa si geni. Magari makubwa hupakia mizigo katika bandari yake, yakapita Kenya na Uganda, yakafika Bunia, Beni, Butembo na Goma. Nguo, sabuni, mabati, vyombo vya nyumbani: vingi vimeona bahari kabla ya kuona duka letu. Lakini sisi wenyewe, tukifika huko, mara nyingi twafika kwa biashara tu. Mtu akisema kwamba ataka kumpeleka mke wake na watoto pwani wapate kupumzika, hujibiwa upesi: «Hayo ni mambo ya matajiri na ya Wazungu.»

Jibu hilo lastahili kupimwa kabla ya kukubaliwa. Safari ni ndefu na ina gharama yake, hatukatai. Hata hivyo jamaa ya mwalimu, ya karani au ya mchuuzi, iliyoweka akiba mwaka mmoja au miwili, yaweza kukaa siku tano karibu na bahari, ikala vema, ikarudi nyumbani bila deni. Yahitaji tu kujua ni kitu gani kinacholipiwa na ni kitu gani kisicholipiwa.

MCHANGA NI WA NANI?

Kitu cha kwanza kisicholipiwa ni bahari yenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yahesabu kuwa ardhi ya umma ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Mwenye hoteli ana haki ya kufunga lango lake, na asiye mgeni wake hapiti uwanjani mwake. Lakini ule mchanga ambao bahari huufunika na kuufunua kila siku si mali yake. Ni wa watu wote.

Basi asiyeweza kulala katika hoteli ya ufukoni asivunjike moyo. Na atafute chumba safi mjini, kisha asubuhi avuke daraja la Nyali kwa gari la abiria mpaka Bamburi, kaskazini ya kisiwa, kwenye ufuko wa umma wenye jina la Jomo Kenyatta. Huko siku za likizo utazikuta jamaa za Kenya zenyewe. Wazee wameketi kivulini. Watoto waelea juu ya mipira ya magari iliyokodishwa. Ngamia hupita wamebeba wavulana wanaocheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Hapo hakuna anayemwuliza mwenziwe cheo chake.

Kabla ya kuondoka nyumbani, baba aangalie hati za safari za kila mtoto, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana Kenya hukidai kwa watu watokao kwetu. Tena asifunge vitu katika mifuko ya plastiki ya dukani: tangu Agosti 2017 mifuko hiyo imekatazwa nchini Kenya. Kikapu cha mama chafaa zaidi.

SOMA MWEZI KABLA YA KUOGA

Sisi watu wa Kivu na Tanganyika tumezoea maji. Watoto wetu wengine wameogelea ziwani tangu udogo wao, na baba husema: «Maji ni maji.» Sivyo hata kidogo. Ziwa halipandi na kushuka mbele ya macho yako. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika usiku na mchana mmoja, na toka kupwa hata kujaa ni kadiri ya saa sita.

Watu wa pwani huyapima hayo kwa mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja siku za bamvua. Hapo Mombasa tofauti kati ya maji makuu na maji madogo yaweza kupita mita 3, yaani kushinda urefu wa mlango wa nyumba. Mwezi ukiwa nusu, ni siku za maji mafu, na tofauti huwa ndogo. Katika siku za bamvua bahari hupwa kadiri ya saa nne asubuhi, hujaa kadiri ya saa kumi alasiri; kiisha, kila siku inayofuata, saa hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mama aliyetazama mwezi jana usiku aweza kupanga mchezo wa watoto wake kesho, bila kitabu chochote.

Kwa nini twasisitiza jambo hili? Kwa sababu maji yakipwa, ufuko huwa mpana kama uwanja wa mpira. Mbele kabisa kuna mwamba wa matumbawe, ambao huyavunja mawimbi ya bahari kuu. Watoto huvutwa kwenda mbali, kutazama kaa na samaki wadogo waliobaki katika vidimbwi. Bahari inaporudi haiji daima kama ukuta mtu akauona. Huanza kwa kujaza mifereji na mahali pa chini, nyuma ya watu. Aliyesimama juu ya mchanga ulioinuka hushangaa kuona maji yamekwisha kuingia kati yake na nchi kavu, naye bado ni mkavu miguuni.

Sheria ya jamaa iwe moja: maji yakigeuka, wote warudi. Awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama watoto, wala asishike simu wala gazeti, hata gazeti letu hili. Wapokezane kila baada ya muda, baba naye akiwamo. Watoto wavae viatu vya mpira, kwani mwambani yuko mdudu mwenye miiba mirefu myeusi kama nungu, na mwiba wake hukatikia mguuni. Likizo yetu kuu, ya Julai na Agosti, huangukia wakati wa upepo wa kusi. Joto huwa la kiasi, jambo jema kwa watu wa milimani. Lakini upepo huvuma na bahari huchafuka zaidi kuliko wakati wa kaskazi. Mwenyeji akisema, «Leo msiingie,» mtiini.

MAMA NAYE APUMZIKE

Sasa twafika kwenye neno lililotufanya tuandike. Tumeziona jamaa ambazo, ili kupunguza gharama, huchukua sufuria, unga, mkaa na jiko mpaka ufukoni. Watoto hucheza. Baba hulala kivulini. Na mama? Mama huwasha moto, huosha vyombo, hugawa chakula, huosha tena. Jioni wote husema, «Tumepumzika,» naye hunyamaza. Jamaa iliyohamisha jiko lake imehamisha kazi tu, haikupumzika.

Kwa hiyo, kama bahari ni ya bure na chumba ni cha bei ndogo, shauri letu ni hili: sehemu ya akiba iwekwe kwa ajili ya chakula kilichopikwa na wengine, walau mlo mmoja kila siku, ambao mama ataketi kwanza na kuandaliwa. Huo si ufahari. Ndio moyo wenyewe wa likizo.

Tuliwahi kuona katika mkahawa mmoja wa Mombasa jamaa ya watu sita. Kijana mwandazi alimwendea mama kwanza, akamwuliza kwa adabu: «Mama, leo utakula nini?» Yule mama akamtazama mumewe, akawatazama watoto, akajibu: «Chochote.» Kijana akatabasamu: «Chochote hatuna, mama. Tuna wali wa nazi, tuna pilau, tuna samaki.» Watoto walicheka. Yeye akafikiri kitambo, kama mtu aliyeulizwa swali gumu shuleni, mwisho akasema: «Samaki. Mzima. Wangu peke yangu.» Wasomaji, ni miaka mingapi mama yule alikuwa akila kichwa na mkia?

MCHELE MMOJA, MAPISHI MENGI

Mwenye kula pwani ajifunze pia. Wahenga walisema kwamba mchele ni mmoja lakini mapishi ni mengi, na huko utaliona jambo hilo sahanini. Nazi hukunwa kwa chombo kiitwacho mbuzi. Msishangae, si mnyama. Nazi hiyo hukamuliwa katika maji. Tui la kwanza ni zito, la pili ni jepesi. Mpishi huanza kwa tui jepesi, na lile zito hulitia mwishoni, wali ukawa na harufu na utamu wake. Sombe yetu huko huitwa kisamvu, nayo hupikwa kwa tui. Mtoto akisoma kwamba wanauza kamba, asidhani ni ya kufungia mbuzi: ni mdudu wa baharini mwenye magamba laini, na nyama yake yapendwa sana. Samaki wa kupaka huchomwa juu ya makaa, kisha hupakwa mchuzi mzito wa nazi na viungo.

Si lazima kila mlo uwe wa mezani. Asubuhi, mahamri na mbaazi za nazi pamoja na chai humshibisha mtu mzima. Alasiri, jamaa nyingi za Mombasa hukaa katika bustani ya Mama Ngina, inayoelekea mlango wa bahari, ambayo ilitengenezwa upya mwaka 2019. Hapo huuzwa mihogo iliyotiwa ndimu na pilipili, viazi karai, na madafu yanayokatwa mbele yako. Meli kubwa hupita karibu sana, zikielekea bandarini, na watoto huzihesabu. Chakula hicho ni cha pesa kidogo, na tamasha ni bure.

ULIZA BEI KWANZA

Katika mikahawa mingine samaki huuzwa kwa ukubwa wake, na bei haikuandikwa. Tumemwona baba mmoja aliyeagiza kwa ukarimu mbele ya watoto, kisha hesabu ilipoletwa akageuka rangi, na furaha ya siku nzima ikaishia kwenye ugomvi. Mwenye mkahawa alisema hakumdanganya mtu, maana hakuulizwa. Uliza basi: samaki huyu ni kiasi gani? Wali umo ndani ya bei? Na maji je? Kuuliza si aibu; aibu ni kula usichoweza kulipa. Kiisha, kijana aliyekuandalia umshukuru kwa jina lake. Yeye pia ni mtoto wa watu, na siku yako ya mapumziko ni siku yake ya kazi.

Akiba na igawanywe nyumbani katika bahasha nne: nauli, malazi, chakula, na dharura. Nauli ya kurudi ihesabiwe kabla ya yote, wala isiguswe. Bandu bandu huisha gogo: soda hapa, ngamia pale, picha huku, na siku ya tatu gogo limekwisha.

SIKU MOJA KWA MJI

Siku moja iachiwe mji. Wanafunzi waone Ngome ya Yesu, iitwayo Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mwaka 1698 ilitwaliwa na Waarabu wa Oman baada ya mazingiwa marefu. Leo ni nyumba ya makumbusho, na tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wapande pia kivuko cha Likoni. Aendaye kwa miguu halipi. Tena wasikilize Kiswahili cha sokoni. Jina lenyewe la lugha hii latoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya pwani, na mtoto wa Bukavu atakuta huko maneno yake mwenyewe yamevaa nguo nyingine.

Baba unayesoma haya, usingoje utajiri. Anza kwa kuhesabu. Na kama mwaka huu akiba haitoshi kufika Mombasa, liko ziwa karibu nawe, na pembeni yake yuko mtu anayepika sambaza kwa kuuza. Nendeni wote Jumamosi moja. Mama aketi kwanza, naye aulizwe atakula nini.