Kinyozi Hajinyoi: Nani Ataihakiki Kazi ya Wanaojitolea?

Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Methali hii aghalabu hutajwa kwa mzaha, lakini imebeba hekima kubwa kuhusu kazi yoyote ifanywayo na watu wengi kwa manufaa ya wengi. Aliyetenda si rahisi aione kasoro ya alichokitenda. Ndiyo maana mwandishi huhitaji mhariri, mwanafunzi huhitaji mtahini na mweka hazina huhitaji mkaguzi wa hesabu. La ajabu ni kwamba, ijapokuwa sote twalikubali jambo hili kwa vinywa, ni wachache mno walio tayari kuifanya kazi ya kuhakiki, hasa inapokuwa haina malipo wala sifa.

Tazama harambee zetu. Mwenye kutoa hutajwa jina lake kwa kipaza sauti, akapigiwa makofi na vigelegele. Yule atakayeketi baadaye na vitabu vya hesabu, akipitia stakabadhi moja baada ya nyingine ili kuona kama fedha zilifika zilikokusudiwa, hana wa kumpigia makofi. Huku kwetu Milimani, Nakuru, kama ilivyo katika mitaa mingine, si vigumu kuwapata watu wa kuchangia lango la mtaa au taa za usiku. Kazi ni kumpata atakayekubali kulikagua daftari la mweka hazina. Mchango huleta jina. Ukaguzi huleta uadui.

Nimeyatanguliza haya kwa sababu ugonjwa huo huo umeingia katika uwanja ambao wasomaji wengi hawaushughulikii, ingawa huenda maisha yao yanautegemea. Nao ni uwanja wa programu huria za tarakilishi, hasa zile za hifadhidata, yaani maghala ya taarifa zilizopangwa ili zipatikane upesi. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo ambayo binadamu huiandikia tarakilishi, umewekwa wazi. Yeyote aweza kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuwapelekea watunzaji wake marekebisho hayo. Rekebisho la namna hiyo wenyewe hulifananisha na kiraka. Lakini kiraka hakishonwi kwenye vazi kabla ya mtu mwingine kukitazama: je, kinaziba tundu lililokusudiwa? Je, hakifungui jingine kando yake?

Mtu asidhani kuwa haya ni mambo ya ughaibuni. Mmoja wa miradi mashuhuri ya aina hii ulianza kutumika papa hapa Bonde la Ufa. Mwaka wa 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, huko Nandi, kusini mwa Eldoret, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianza kuweka rekodi za wagonjwa katika tarakilishi. Mwaka huo huo ulizaliwa mpango wa AMPATH wa kuwatibu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wagonjwa walipoongezeka, mfumo ule mdogo ulielemewa. Mnamo 2004 wataalamu wa Indiana waliungana na shirika la Partners In Health kubuni mfumo mpya, ulio huria, uitwao OpenMRS. Ulianza kutumika Eldoret mwezi Februari 2006, na baadaye mwaka huo ukaingia Rwanda. Leo umeenea Uganda, Msumbiji, Haiti na kwingineko. Hapa nchini, mfumo wa KenyaEMR, unaotumika katika mamia ya vituo vya afya, umejengwa juu ya msingi wake.

Kwa hivyo, kiraka kinachotiwa katika msimbo huo si mchezo wa vijana wasiokuwa na kazi. Tuseme kijana mmoja mwenye nia njema ameandika maagizo ya kusoma tarehe, naye amezoea mtindo wa Kimarekani wa kutanguliza mwezi. Mgonjwa aliyeambiwa arudi kliniki tarehe 3/4 atatafutwa Machi 4 badala ya Aprili 3. Kosa ni la herufi chache, na aliyelitenda hawezi kuliona kwa kuwa machoni pake hakuna kosa. Anayeweza kuliona ni mwingine.

Mimi ni mwanaisimu, si mhandisi, na hapa ndipo ninapoona kuwa uhakiki si mali ya wahandisi peke yao. Chukua suala la majina. Katika eneo letu, mwanamke huyo huyo aweza kuandikwa Chepkoech katika hospitali moja na Jepkoech katika nyingine, kwa kuwa sauti hizo mbili hubadilishana kufuatana na lahaja na mazoea ya mwandishi. Kijana aliyejulikana kwa jina la Kiprono huweza, baada ya kutoka jandoni, kuitwa kwa jina la babaye likitanguliwa na arap. Sasa tuseme kuna msimbo unaotafuta rekodi za mgonjwa kwa kulinganisha majina herufi kwa herufi. Mhakiki aliyeko Indianapolis ataupitisha, kwa sababu unafanya kazi barabara kwa majina anayoyajua yeye. Aliyezaliwa Njoro au Molo atauliza swali moja tu, na swali hilo litamwokoa mama wa watu asipewe kadi mbili na dawa za aina mbili zisizopatana.

Hali kadhalika suala la umri. Wazee wetu wengi hawaijui tarehe waliyozaliwa. Huijua njaa au vita vilivyokuwapo wakati huo. OpenMRS ina mahali pa kuonyesha kuwa tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria. Ni jambo dogo kwa macho, lakini tarakilishi isiyokubali makadirio humlazimisha karani kubuni uongo, na uongo ukishaingia katika hifadhidata huvaa kanzu ya ukweli.

Ikiwa umuhimu wa kazi hii ni dhahiri hivyo, mbona watu huikimbia? Sababu ya kwanza nimekwisha kuigusa: heshima humwendea aliyeandika. Kijana anayetafuta ajira hupenda kuonyesha alichokijenga, wala haoni faida ya kuonyesha makosa aliyoyazuia, kwani kosa lililozuiwa halionekani. Sababu ya pili ni woga. Tumelelewa kuamini kuwa kumkosoa mkubwa ni utovu wa adabu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hujiuliza, mimi ni nani nikaguse kazi ya bingwa? Sababu ya tatu ni uzito wa kazi yenyewe: kusoma fikira za mtu mwingine, mstari baada ya mstari, huchosha kuliko kuandika zako, jambo ambalo yeyote aliyewahi kusahihisha rundo la insha analifahamu fika.

Matokeo yake ni foleni. Viraka huja, hupangwa, na hukaa miezi bila kujibiwa. Aliyejitolea husubiri, hukata tamaa, kisha huondoka asirudi. Wale wahakiki wachache waliobaki huzidiwa na mzigo, nao huanza kupitisha mambo nusu macho.

Kuna waliodai kuwa msimbo ukiwa wazi makosa hayawezi kujificha, maana macho ni mengi. Dai hilo lina ukweli nusu. Macho yanaweza kuwa mengi na yote yakatazama kwingine. Mwezi Aprili 2014 dunia ilishtuka kusikia habari za dosari iliyopewa jina la Heartbleed, iliyokuwa ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mawasiliano katika sehemu kubwa ya intaneti. Dosari hiyo ilikuwa imetolewa kwa umma tangu Machi 2012. Aliyeiandika hakuiona, na mhakiki aliyeipitisha hakuiona. Kwa miaka miwili programu ilitumiwa na mamilioni, ikisomwa na wachache mno.

La kutisha zaidi lilitokea mwaka wa 2024. XZ Utils, programu ndogo ya kubana faili, ilikuwa imetunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja wa kujitolea, akachoka. Mwingine aliyejiita Jia Tan alijitokeza kumsaidia, akatenda mema kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa na kukabidhiwa funguo. Kisha akapenyeza mlango wa siri. Mlango huo uligunduliwa Machi 2024 na Andres Freund, mmoja wa watunzaji wa hifadhidata huria ya PostgreSQL, aliyeshangaa kwa nini kuingia katika tarakilishi yake kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Nusu sekunde! Asingekuwa na mazoea ya kupekua kazi za wengine, angeipuuza.

Si kwa bahati tu kwamba mtu huyo alitoka katika jamii ya PostgreSQL. Hifadhidata hiyo ina asili yake katika mradi ulioanza mwaka wa 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na tangu 1996 hutunzwa na watu waliotawanyika duniani. Nao walilemewa na foleni ya viraka. Tangu 2008 hutenga vipindi maalumu, kila kimoja cha muda wa mwezi mmoja hivi, ambapo watu huombwa waache kwanza kuandika mapya, wahakiki ya wenzao. Anayeleta kiraka hutarajiwa kuhakiki cha mwenzake chenye uzito unaokaribiana na chake. Mgeni huanzishwa kwa maswali mepesi: kiraka kinaingia bila matatizo? Kinafanya kinachodaiwa? Maelezo yake yanaeleweka? Na jina la mhakiki huandikwa katika kumbukumbu ya badiliko pamoja na la mwandishi. Hata hivyo, ugonjwa haujaisha huko. Vingine bado husogezwa kutoka kipindi kimoja hadi kingine kwa kukosa mtu wa kuvisoma. Lakini wametambua kuwa uhakiki ni deni, wala si hisani.

Sisi wa lugha tuna historia yetu ya kujifunzia. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Januari 1930, ilipokea miswada ya vitabu vya shule kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ikaipeleka kwa wasomaji waihakiki kabla ya kuchapwa. Kazi hiyo ndiyo iliyotuwezesha kuwa na tahajia moja. Lakini wahakiki wa miaka ile ya mwanzo wengi wao walikuwa Wazungu, na hadi leo wapo wenyeji wa pwani wanaolalamika kuwa lugha yao ilisanifiwa na wasioizaliwa. Funzo ni kwamba usipohakiki chako, atakihakiki mwingine kwa vipimo vyake, nawe utabaki kunung'unika pembeni.

Atatokea wa kusema kuwa dawa ni kuwalipa wahakiki. Sipingi, mfanyakazi anastahili ujira wake. Lakini fedha hizo, katika miradi ya afya, kwa sehemu kubwa zimekuwa za wafadhili. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya UKIMWI humu nchini iliyumba ndani ya siku chache tu. Mshahara wa mfadhili huondoka na mfadhili. Ujuzi wa watu wetu wenyewe hubaki.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yanawezekana bila kusubiri bajeti ya mtu. Kwanza, vyuo vikuu vya eneo hili, kuanzia Egerton na Kabarak hadi Moi, viuhesabu uhakiki kuwa sehemu ya masomo. Mwanafunzi wa tarakilishi atahiniwe kwa kiraka alichokihakiki katika mradi halisi kama anavyotahiniwa kwa programu aliyoibuni, na wa lugha, uuguzi au takwimu naye akaribishwe, maana tumeona kuwa majina, tarehe na vipimo vinahitaji macho yao. Pili, kila mradi wa kujitolea uweke sharti la kiraka kwa kiraka: anayeleta kimoja ahakiki kimoja. Tatu, tufunze adabu ya kukosoa. Mhakiki ajue kuukosoa msimbo bila kumkosoa aliyeuandika, na mwandishi ajue kuwa anayeulizwa maswali ametendewa heshima ya kusomwa.

Na kwa kijana anayeona haya kuanza, namkumbusha kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Asiyejua mazoea ya nyumba ndiye huuliza kwa nini mlango huu haufungi, swali ambalo wenyeji waliacha kuliuliza zamani. Ugeni wake ndio mtaji wake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika hifadhidata za wagonjwa ufa huo ni herufi moja ya jina, nukta moja ya kipimo, tarehe moja iliyogeuzwa, na ukuta ni uhai wa mtu. Waandishi tunao, na kila mwaka vyuo vyetu hutoa wengine. Wanaokosekana ni wasomaji. Ipo haja ya kuwatafuta, kuwafunza na, siku moja, kuyataja majina yao kwa kipaza sauti.